Ratiba ya Kunyonya na Kulala ya Mtoto Mchanga: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Lengo la somo

Somo hili linamhusu mlaji asiyeweza kusema: mtoto mchanga, tangu siku ya kuzaliwa hadi atimizapo miezi mitatu. Mlaji huyu hasomi lebo wala hadai risiti. Kila anachopewa huchaguliwa na watu wazima ambao, mara nyingi, hawajalala vya kutosha kwa siku nyingi. Mzazi aliyechoka huamini upesi bidhaa inayoahidi usiku mmoja wa kupumzika, na wauzaji wanalijua hilo.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji anatarajiwa kuweza:

(a) kueleza kwa nini mtoto mchanga hunyonya mara nyingi na huamka usiku;
(b) kumsaidia mtoto kupata utaratibu hatua kwa hatua bila kumpunguzia chakula;
(c) kuzipima bidhaa zinazouzwa kwa ahadi ya usingizi au shibe kabla ya kutoa fedha;
(d) kutambua dalili zinazotaka mtoto afikishwe kituo cha afya bila kukawia.

1. Saa ya mtoto ni tumbo lake

Tumbo la mtoto aliyezaliwa leo ni dogo mno. Katika saa 24 za kwanza, kila anaponyonya hupata takribani mililita 2 hadi 10, yaani kiasi kisichozidi vijiko viwili vya chai. Maziwa hayo ya mwanzo, mazito na yenye rangi ya njano, huitwa dang'a, nayo yanamtosha. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza tumbo huweza kupokea mililita 45 hadi 60 kwa mara moja. Maziwa ya mama huyeyushwa upesi, hivyo baada ya saa mbili hivi mtoto huwa tayari kunyonya tena.

Ndiyo maana watoto wachanga walio wengi hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Ukizigawa saa 24 kwa idadi hiyo, utaona kwamba mtoto anataka ziwa kila baada ya saa mbili au tatu. Mtoto wa namna hiyo hajadekezwa, wala maziwa ya mama yake si mepesi. Anakula kwa kadiri ya chombo alichonacho.

Usingizi nao una sababu zake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtoto wa chini ya miezi mitatu anahitaji usingizi wa saa 14 hadi 17 kwa siku. Kiasi hicho ni kikubwa, lakini mtoto hukipata vipande vipande. Mtoto mchanga hajui tofauti ya mchana na usiku kwa sababu mwili wake bado hautoi kwa mpangilio homoni ya melatonini, ambayo humfanya mtu asinzie giza linapoingia. Mpangilio huo huanza kujitokeza kati ya mwezi wa pili na wa tatu. Hakuna dawa, uji wala kitanda kinachoweza kuuharakisha.

Wapo wazazi waliosikia kwamba mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne kamili, na usiku asipewe kitu. Mafundisho hayo yalienezwa sana na daktari Frederic Truby King wa New Zealand, ambaye mwaka 1907 alianzisha chama cha ustawi wa mama na mtoto kilichokuja kujulikana kama Plunket Society. Wataalamu wa leo wanashauri kinyume chake: mtoto anyonyeshwe kila anapoonyesha dalili za njaa, mchana na usiku. Homoni ya prolaktini, inayosukuma utengenezaji wa maziwa, hupanda zaidi usiku. Mama anayeacha kunyonyesha usiku katika wiki za mwanzo huweza kuona maziwa yakipungua, na hapo ndipo safari ya kwenda dukani huanzia.

2. Hatua za kujenga utaratibu

Kusema kwamba mtoto ndiye mwenye saa hakumaanishi kwamba mzazi hana la kufanya. Utaratibu hujengwa, lakini hujengwa kwa kufuata ukuaji wa mtoto.

*Siku ya kwanza hadi wiki ya pili.* Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Atazame dalili za njaa kabla ya kilio: kugeuza kichwa akitafuta ziwa, kunyonya vidole, kulamba midomo. Kilio ni dalili iliyochelewa, na mtoto anayelia sana hushika ziwa kwa shida. Katika wiki hizi si vyema kumwacha alale kwa muda mrefu mno. Akipitisha saa tatu mchana au saa nne usiku bila kunyonya, aamshwe, hadi atakaporudia uzito aliozaliwa nao. Ni kawaida mtoto kupungua uzito kidogo siku za mwanzo, lakini upungufu usizidi sehemu moja ya kumi, na uzito uwe umerudi afikapo wiki mbili.

*Wiki ya pili hadi ya sita.* Huu ni wakati wa kumfundisha kutenganisha mchana na usiku. Mchana afunguliwe madirisha, aongeleshwe, aogeshwe, na shughuli za nyumba ziendelee kwa sauti zake za kawaida. Usiku mwanga uwe hafifu, sauti ziwe za chini, na nepi ibadilishwe pale tu inapohitajika. Akishanyonya usiku, arudishwe kulala bila michezo. Kilio cha jioni huongezeka katika kipindi hiki, na kwa watoto wengi hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua chenyewe.

*Wiki ya sita hadi ya kumi na mbili.* Mpangilio huanza kuonekana. Mzazi aanzishe mfululizo mfupi unaofanana kila jioni, kwa mfano kuoga, kunyonya, wimbo, kisha kulala. Mtoto awekwe kitandani anaposinzia, kabla hajalala fofofo. Baadhi ya watoto wa umri huu hulala saa tano au sita mfululizo. Kwa mtoto mchanga, huko ndiko kulala usiku kucha, na asiyefika hapo hana kasoro.

Kifaa kinachosaidia kuliko vyote ni daftari la shule na kalamu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtoto wa wiki tatu ambaye mama yake ameandika nyakati za kunyonya kwa siku moja: saa 12:00 asubuhi, 2:30, 5:00, 7:00 mchana, 9:30 alasiri, 11:30 jioni, 1:00 usiku, 2:30, 5:30, na 9:00 usiku. Kesho yake ameanza tena saa 12:00 asubuhi.

Mama huyu anaweza kudhani mtoto hana ratiba yoyote. Daftari linamwonyesha mambo matatu. Kwanza, mtoto amenyonya mara 10, idadi iliyo katikati ya kiwango cha kawaida. Pili, tangu alasiri hadi usiku wa mapema amenyonya kwa kukaribianisha, kila baada ya saa moja na nusu au mbili. Tabia hiyo ni ya kawaida na haithibitishi kwamba maziwa hayatoshi. Tatu, baada ya mikaribiano hiyo ya jioni ndipo hupatikana vipindi virefu vya usiku: saa tatu, saa tatu na nusu, kisha saa tatu. Mama akijua hivyo atajilaza mara tu baada ya saa 2:30 usiku na kuyaacha masufuria hadi asubuhi.

Je, mtoto anashiba? Hilo lisipimwe kwa kilio. Lipimwe kwa nepi na mizani. Kuanzia siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mkojo huwa hauna rangi kali. Baada ya wiki mbili za mwanzo, huongezeka kwa wastani wa gramu 150 hadi 200 kila wiki. Kadi ya kliniki inaonyesha hayo kwa alama, na kupima uzito kliniki kunamfaa mtoto kuliko ushauri wa majirani kumi.

3. Bidhaa zinazouzwa kwa jina la usingizi

*3.1 Maziwa ya kopo*

Wapo watoto wanaohitaji maziwa mbadala kwa sababu za kitabibu au kwa kuwa mama hayupo, na familia hizo zinastahili msaada pasipo lawama. Somo hili linahusu kopo linalonunuliwa kwa sababu tu mtoto anaamka usiku.

Kabla ya kununua kopo la kwanza, piga hesabu ya makopo yatakayofuata. Mtoto anayelishwa maziwa ya kopo pekee huhitaji takribani mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 4 atatumia mililita 600, ambazo huchukua gramu 80 hivi za unga. Kopo la gramu 400 litamtosha siku 5, na kwa mwezi atamaliza makopo 6. Afikapo kilo 6 atahitaji mililita 900 kwa siku, na kopo hilohilo litakwisha kwa siku tatu na kitu. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya dukani kwako, kisha ongeza mkaa au gesi ya kuchemshia maji. Familia inayoanza bila hesabu hii hujikuta katikati ya mwezi ikiongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto hunywa, hutulia, na hudhoofika polepole.

Unga wa maziwa hauko huru na vijidudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo wa mwaka 2007 unaelekeza kwamba maji yachemshwe, yaachwe yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, na unga uchanganywe maji yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70 za Selsiasi, ili kuua bakteria kama Cronobacter na Salmonella. Kisha chombo kipozwe upesi hadi joto la kumfaa mtoto. Maziwa yaliyotengenezwa yatumike ndani ya saa mbili, na yanayobaki yamwagwe. Kuandaa chupa ya usiku tangu jioni na kuiweka kando ya kitanda ni hatari kubwa. Kikombe kidogo kisicho na mdomo wa kunyonyea husafishika kwa urahisi kuliko chupa.

Mlaji ajue pia kwamba bidhaa hii ina masharti ya pekee ya biashara. Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha mwezi Mei 1981 Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama. Kanuni hiyo inakataza kuvitangaza kwa umma, kuwapa akina mama sampuli za bure, na kuweka picha za watoto wachanga kwenye lebo ili kuipamba bidhaa. Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2013 kuhusu uuzaji wa vyakula vya watoto wachanga na wadogo, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012. Ukipewa kopo la bure na wakala wa mauzo, au ukiona tangazo linalosema maziwa fulani humfanya mtoto mchanga alale vizuri, umeona jambo la kutolewa taarifa.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi asiamue peke yake kwenda dukani. Akitumia dawa zake ipasavyo huweza kunyonyesha. Aufuate ushauri wa kliniki.

*3.2 Uji, maji na asali*

Ushauri wa kumpa mtoto uji mwepesi ili ashibe na kulala hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1989 uliwalinganisha watoto waliopewa nafaka kabla ya kulala na wale wasiopewa, na haukuona tofauti katika usingizi wao. Uji hujaza tumbo dogo kwa chakula chenye virutubishi pungufu kuliko maziwa, na huweza kumpalia mtoto. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji hata maji ya kunywa, kwa kuwa maziwa ya mama yana maji ya kutosha, hata katika joto la Dar es Salaam au Tanga. Asali isitolewe kabla ya mwaka mmoja: yaweza kubeba mbegu za bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli ya mtoto hadi ile ya kupumulia.

*3.3 Dawa za maji za kutuliza mtoto*

Historia ya bidhaa hizi ina mafunzo. Kuanzia mwaka 1849 iliuzwa Marekani dawa iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ambayo kweli iliwalaza watoto. Ndani yake kulikuwa na mofini, dawa kali ya maumivu itokanayo na afyuni. Baadhi ya watoto hawakuamka. Wazazi walianza kuijua siri hiyo baada ya sheria ya vyakula na dawa ya mwaka 1906 kulazimisha mofini itajwe kwenye lebo. Nchini Uingereza, maji ya msokoto wa tumbo yajulikanayo kwa jina la Gripe Water yalibuniwa mwaka 1851 mjini Nottingham, na mchanganyiko wa awali ulikuwa na kileo. Leo bidhaa nyingi za jina hilo hazina kileo, lakini jina moja hubandikwa kwenye michanganyiko mingi tofauti. Jina la chupa halikuambii kilichomo.

Hatari hiyo haijabaki kwenye vitabu vya historia. Mwishoni mwa mwaka 2008 nchini Nigeria, dawa ya maji ya watoto wanaoota meno ilichanganyika na dietilini glikoli, kemikali yenye sumu inayoua figo, na zaidi ya watoto 80 waliripotiwa kufa. Mwaka 2022 nchini Gambia, watoto zaidi ya 60 walifariki baada ya kutumia dawa za kikohozi zilizokuwa na sumu ya aina hiyo. Wazazi wale walinunua dawa kama wazazi wengine wanavyonunua.

Kundi jingine ni dawa za mzio na mafua, kama promethazini, ambazo huleta usingizi. Wapo wanaompa mtoto kijiko kimoja ili nyumba itulie. Promethazini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa huweza kuzuia pumzi. Usingizi wa dawa haufanani na usingizi wa mtoto aliyeshiba: mtoto mchanga anapaswa kuwa mwepesi wa kuamka, na wepesi huo ni sehemu ya kinga yake.

*3.4 Vitanda, mito na magodoro*

Mtoto alazwe chali, kila anapolala, juu ya godoro gumu lililo tambarare, chini ya chandarua, katika chumba wanacholala wazazi. Kampeni za kuwalaza watoto chali zilizoanza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994 zilifuatiwa na kupungua kwa zaidi ya nusu kwa vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Mito, midoli, blanketi zito na kingo laini za kitanda viondolewe. Kochi halifai kulala na mtoto hata kwa dakika chache. Jiko la mkaa lisiachwe likiwaka chumbani ili kumpa mtoto joto, kwani hewa yake huua kimyakimya.

Tahadhari ya pekee inahitajika kwa vitanda vinavyoinama. Mwezi Aprili 2019, kampuni ya Fisher-Price iliondoa sokoni nchini Marekani vitanda milioni 4.7 hivi vya aina ya Rock 'n Play, baada ya taarifa za vifo vya watoto zaidi ya 30 vilivyotokea tangu vianze kuuzwa mwaka 2009. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kupiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10. Bidhaa iliyokataliwa kwingine yaweza kukufikia wewe ikiwa mtumba safi wa bei nafuu. Uzuri wake hauondoi hatari yake.

4. Maswali manne kabla ya kutoa fedha

*Inaahidi nini?* Bidhaa inayoahidi kumlaza mtoto mchanga usiku kucha inaahidi jambo ambalo mwili wa mtoto haujakuwa tayari kulifanya. Ahadi yenyewe ni sababu ya kusita.

*Imesajiliwa na nani?* Nchini Tanzania, dawa na vifaa tiba husimamiwa na TMDA. Usalama wa chakula, yakiwemo maziwa ya watoto, husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo lilikabidhiwa jukumu hilo mwaka 2019. Dawa inunuliwe kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani, kamwe si kwenye gari la abiria au kwa mchuuzi.

*Kuna nini ndani?* Lebo itaje viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na umri wa mtoto anayekusudiwa. Lebo isiyosomeka au iliyobandikwa juu ya nyingine irudishwe kwa muuzaji.

*Mtoto atakosa nini?* Kila kijiko cha kitu kingine huchukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo.

Ukinunua, dai risiti na uitunze. Mtoto akipata madhara, acha kutumia bidhaa, mpeleke kituo cha afya, na uhifadhi chupa au kopo pamoja na kilichobaki ndani. Chombo kikitupwa, wakaguzi hukosa namba ya toleo, na watoto wengine huendelea kukitumia.

5. Kusema hapana bila kuvunja heshima

Mara nyingi shinikizo hutoka ndani ya nyumba. Mkwe aliyekuja kumwogesha mjukuu husema, "Mwanangu, mtoto huyu hashibi, mkorogee uji kidogo." Jibu la ubishi huumiza, na la kunyamaza humwacha mtoto hatarini. Mama anaweza kusema: "Ahsante mama kwa kutuangalia. Kliniki wamempima juzi, ameongezeka gramu mia mbili kwa wiki. Nesi amesema tusubiri hadi miezi sita. Naomba twende wote kliniki ijayo umsikie mwenyewe." Kadi ikifunguliwa mezani, mazungumzo huhama kutoka nani anajua zaidi hadi mtoto anaendeleaje.

Dukani muuzaji akisema, "Dada, hii wenzako wote wanachukua, mtoto analala hadi asubuhi," inatosha kuuliza: "Kaka, nionyeshe kwenye lebo palipoandikwa inafaa mtoto wa mwezi mmoja." Pasipoandikwa, mazungumzo yamekwisha.

Baba naye ana sehemu yake. Hawezi kunyonyesha, lakini anaweza kumcheulisha mtoto, kumbadilisha nepi, kumbeba jioni anapolia na kuliandika daftari. Mama aliyelala saa tatu mfululizo hashawishiki kirahisi na chupa ya ahadi.

6. Mzazi aliyeajiriwa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa mwanamke likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na humpa baba siku zisizopungua tatu. Kwa anayeianza siku ya kujifungua, likizo ya siku 84 huisha mtoto akiwa na wiki 12, wakati uleule mpangilio wa usiku unapoanza kushika. Sheria hiyo inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi kwa muda unaofikia saa mbili kwa siku. Mama anayefanya kazi mbali na nyumbani anaweza kukamua maziwa. Yakikaa nje ya jokofu yatumike ndani ya saa nne, na mtoto apewe kwa kikombe safi.

7. Dalili za hatari

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja, usiku au mchana, ukiona mojawapo ya haya:

- anakataa kunyonya au hana nguvu ya kunyonya;
- ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, au mwili umepoa isivyo kawaida;
- anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani;
- amepata degedege, au haamki kwa urahisi;
- viganja na nyayo zimekuwa za njano;
- hajakojoa kwa muda mrefu, au utosi umebonyea.

Mtoto ambaye ghafla analala kupita kawaida na kusahau kunyonya asichukuliwe kuwa ameshika ratiba. Huenda anaumwa.

Zoezi la kujipima

1. Mtoto wa wiki tano ananyonya mara 11 kwa siku na analia kila jioni. Uzito wake umeongezeka vizuri. Je, anahitaji maziwa ya kopo?
2. Familia ina mtoto wa kilo 4 asiye na mama. Kwa mwezi itahitaji makopo mangapi ya gramu 400?
3. Jirani anakupa kitanda cha mtumba kinachoinama, akisema mwanawe alilala humo vizuri. Utafanya nini?
4. Umempa mtoto dawa ya kutuliza tumbo naye amelegea. Kitu gani kisitupwe?

Majibu

1. Hapana. Kunyonya mara 11 ni kawaida, kilio cha jioni ni cha umri wake, na mizani imethibitisha kwamba anashiba.
2. Makopo 6, na idadi itapanda kadiri mtoto anavyokua. Bajeti ipangwe kabla ya kuanza.
3. Mshukuru, lakini usikitumie. Mtoto alazwe chali, mahali tambarare.
4. Chupa pamoja na kilichobaki ndani, na risiti. Mtoto atangulie kufikishwa kituo cha afya.